Bule Halikufa, Lilishiba Mafuta

Vijana wangu, mkimsikia mtu anasema bule lake, ule mpira wa bolingi, limekufa, mwulizeni kwanza alilifuta lini. Mtaona anavyoanza kutazama viatu vyake. Nimetunza mabule ya bolingi tangu mikono yangu ikiwa laini mpaka vidole vikajikunja, na sijaona hata moja lililokufa lenyewe. Nimeona yaliyopasuliwa na watu wenye haraka. Nimeona yaliyotupwa nyuma ya ukumbi karibu na mapipa, na bado yalikuwa na miaka ya kucheza ndani yake. Na nimeona mtu nusura atupwe pamoja na bule lake. Hilo ndilo linalonifanya nikae niandike, maana kila nikilikumbuka hasira inanipanda.

Kwanza niwaambie nilifikaje huko. Mimi ni mtoto wa Uvira, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, wa nyumba ya wafanyabiashara; baba aliuza vitambaa na chumvi kama baba yake alivyouza. Biashara haikunikaa. Nikawa navuka mpaka wa Burundi pale Kavimvira kwenda Bujumbura, ambako ukumbi mmoja wa bolingi ulikuwa unatafuta mtu wa kufagia. Nilipomwambia shangazi yangu, yeye alisikia "bolingo", lile neno la Kilingala la mapenzi. Akaweka kikombe chini.

"Zaituni, weye mutoto wa Kiislamu, unaenda kutumika mu nyumba ya bolingo?"

"Shangazi, ni bolingi. Watu wanasukumaka bule kubwa, inaangusha vigingi."

"Wanaume na wanawake pamoja?"

"Pamoja, lakini wanaangalia vigingi."

Hakuniamini mpaka alipokuja mwenyewe, akakaa nyuma na mkoba wake mapajani, akaangalia watu wazima wakirukaruka kwa sababu vigingi kumi vimeanguka. Aliporudi nyumbani alisema afadhali ingekuwa bolingo, ingeeleweka.

Sasa, bule lenyewe ni mpira mzito wenye matundu matatu ya vidole. Mchezaji mzuri halirushi moja kwa moja. Analiachia upande, linateleza mbele kwenye piste, ile njia ndefu ya mbao, halafu karibu na mwisho linapinda kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani. Kule kupinda ndiko kila mchezaji anakokutafuta, maana bule linaloingia kutoka pembeni linavisomba vigingi vyote, na lile linaloingia wima linaacha viwili vimesimama, kimoja huku na kingine kule, kama walinzi wa lango.

Piste hupakwa mafuta ili mbao zisiharibike. Na ngozi ya bule la siku hizi ina vitundu vidogo sana ambavyo jicho halivioni. Vitundu hivyo ndivyo vinavyolisaidia kukamata mbao na kupinda, na vitundu hivyohivyo vinakunywa mafuta. Kila mzunguko linakunywa kidogo. Siku moja limeshiba. Ukilirusha linateleza mpaka mwisho kama sabuni, na mwenyewe anasimama pale anatazama mkono wake kana kwamba si wake.

Aliyenifundisha haya ni Mzee Gaspard, Mrundi mmoja mwembamba aliyekuwa akitunza mashine na mabule kabla yangu. Aliniona nafagia huku natazama kazi yake, akanipa kitambaa, akasema, "Futa, halafu uniambie umeona nini." Nikafuta. Nikamwambia nimeona uchafu. Akasema, "Futa tena." Nilifuta mpaka nikaona yale mafuta, manjano kidogo, yakirudi juu ya ngozi kila nikiyaondoa, kama jasho. Hapo ndipo alipokubali kunifundisha.

Gaspard hakuwa mtu wa kuficha makosa yake. Alinisimulia jinsi, katika ujana wake, alivyoweka bule la mteja kwenye sufuria juu ya moto, akafunika, akaenda kumpokea mgeni. Alipika lile bule kama viazi vitamu. Mgeni hajamaliza hata salamu, wakasikia "pa!" ndani ya sufuria. Ufa ulizunguka kutoka tundu la kidole gumba mpaka upande wa pili. "Nilimrudishia mwenyewe vipande viwili," alisema, "na nikamuuliza anataka kipi kwanza." Tangu siku hiyo neno lake lilikuwa moja, "Buhoro, Zaituni, buhoro," yaani polepole.

Kwa hiyo ninapowasikia ninyi wa leo mnaambiana kwenye simu kwamba bule lililoshiba mafuta liwekwe kwenye furu, tanuri la mikate, au liachwe juu ya bati saa sita mchana, nataka kupiga kelele. Jua letu hili la ziwani? Jua linalokausha ndagala, dagaa wetu, kabla hujageuka? Mnaliua halafu mnasema lilikuja bovu! Sikilizeni inavyofanywa. Unaziba matundu ya vidole kwa utepe wa plastiki, sawasawa, maji yasiingie. Unapasha maji kwenye mbabula, jiko la makaa, makala kidogo tu, mpaka mkono wako ukiutia unaweza kuuvumilia lakini hutaki kuuacha. Hayo ndiyo maji, yasizidi hapo. Unatia sabuni ya kuoshea vyombo, unalizamisha, unaligeuzageuza. Utaona macho ya mafuta yanapanda juu ya maji kama kwenye mchuzi. Unalitoa, unafuta, unamwaga, unatia maji mengine. Unarudia mpaka maji yasiwe na jicho hata moja. Halafu linakaa kivulini mpaka kesho yake.

Bado hujamaliza. Ngozi iliyochezewa sana imekuwa laini kama sahani, nayo haikamati. Unachukua msasa, unaulowesha, unaanza na ule mkali kisha ule laini, unazunguka bule lote upande baada ya upande bila kung'ang'ania mahali pamoja. Ukikandamiza sehemu moja, umetengeneza bapa, na bule lenye bapa litakucheka mbele za watu. Baada ya hapo ni kulifuta kila baada ya kurusha, kwa kitambaa safi. Safi! Kitambaa kilichojaa mafuta kinalinywesha tu.

Kazi hii mara nyingi niliifanyia nyumbani kwangu Kavimvira, kwa sababu ukumbini hapakuwa na nafasi. Nilivuka na bule kwenye mfuko, watu wa mpakani wakanizoea. Kuna mbadilisha fedha mmoja pale njiani aliyetaka kujua nimebeba nini. Nikamwonyesha. Akatia kidole gumba, kikakwama. Alikaa pale na bule mkononi, wateja wanamwita, naye hawezi kuhesabu noti. Tulimtoa kwa povu la sabuni. Mpaka leo akiniona anaweka mikono mfukoni.

Nacheka nikisema hayo. Sasa nawaambia lile ambalo silicheki.

Pale ukumbini palikuwa na dada mmoja wa Mulongwe, mtaa wa kwetu Uvira, jina lake Furaha, aliyekuwa anafuta meza na kubeba soda. Ukumbi ukiwa mtupu, patron, mwenye ukumbi, alimruhusu kucheza. Alikuwa na mkono mwepesi ambao huwezi kumfundisha mtu. Mteja mmoja aliyekuwa anarudi kwao alimwachia bule lake, bule zuri la rangi ya buluu, na matundu yakamwenea kama aliyepimiwa. Kwa muda mfupi akaingia kwenye ekipe, timu ya ukumbi. Halafu akapata mimba, akazaa mtoto wa kiume, akapumzika, akarudi. Na aliporudi, bule lake likawa halipindi tena.

Kapiteni wa ekipe alikuwa Jonas. Alijua kucheza, siwezi kumnyima hilo. Wakati huo walikuwa wanajiandaa kwenda Kigali kucheza na ekipe za huko, na patron alikuwa amesema wazi kwamba watakaocheza vizuri atawafanya mamoniteri, wafundishe wateja, kazi ya kudumu. Kwa Furaha hilo lilikuwa jambo kubwa sana. Mto Mulongwe ulikuwa umeingia nyumbani kwao na kuondoka na ukuta wa jikoni. Kufuta meza kusingeurudisha ule ukuta.

Jumapili moja mchana alikuja kwangu Kavimvira, mtoto mgongoni, mfuko wa bule mkononi. Nilimwona tangu kwenye mlango kwamba alikuwa amelia njiani. Akakaa kwenye kigoda.

"Mama Zaituni, nimekuja kukuachia hii bule. Umupe mwingine."

"Juu ya nini?"

"Haipindake tena. Jonas anasema haiko bule, ni mukono. Anasema tangu nizae, mukono yangu imelegea. Mwanamuke akizaa, nguvu inaendaka kwa mutoto."

"Alikuambia hivyo kwa siri?"

"Mbele ya wote. Wakacheka."

Nikamwambia anionyeshe mkono. Kifundo kilikuwa kimevimba, amekifunga kitambaa cha kitenge. Kumbe kwa wiki nzima alikuwa anaukaza na kuuzungusha mkono kwa nguvu wakati wa kuachia, akilazimisha bule lipinde. Kila likikataa anakaza zaidi. Nilipomgusa alishtuka akauvuta.

"Na mutoto?" nikauliza, maana alikuwa analia na Furaha hakumpa ziwa. Alimpa maji ya sukari kwenye kijiko.

Akainama. "Nimeanza kumuachisha. Waliniambia nikimuachisha, nguvu itarudi."

Yule mtoto alikuwa bado hajaweza hata kukaa peke yake.

Vijana, niliinuka nikaingia ndani nikasimama nyuma ya pazia kwa hasira, nisije nikamtukana Jonas mbele ya mtoto. Si kwa sababu Jonas hakujua. Mtu asiyejua anafundishwa. Jonas alijua! Kabla ya mvua kuanza alikuwa ameniletea bule lake mwenyewe, analalamika hivyohivyo kwamba halipindi. Nililiosha pale pale uani, yeye amekaa kwenye kigoda hicho hicho, anakula bugali na ndagala zangu. Aliyaona kwa macho yake mafuta yakitoka. Alicheka, akasema, "Kumbe inakunywaka kama muntu!" Hakuna aliyemwambia kwamba mkono wake umelegea. Hakuna aliyemuuliza kama mke wake amezaa.

Nilipotoka nilimwambia Furaha, "Munyonyeshe mutoto." Akaniangalia. "Munyonyeshe sasa hivi, hapa mbele yangu. Bule nitaiosha minye."

Nikapitisha ukucha juu ya ngozi ya bule. Mafuta yakajaa chini ya ukucha.

"Weye unafutaka hii bule na nini?"

"Na kile kitambaa cha pale kwa mashine ya mafuta."

Kile kitambaa! Kilikuwa kimelowa mafuta kuliko piste yenyewe. Nikawasha makala, nikaziba matundu, nikapasha maji. Furaha alinyonyesha huku anatazama. Bule lilipoingia kwenye beseni haikuchukua muda, macho yakaanza kupanda, moja, mawili, halafu uso wote wa maji ukang'aa. Nikalitoa, nikamwambia apitishe kidole. Kidole kikarudi kimejaa.

"Hii yote ilikuwa ndani?"

"Hii ni mwanzo tu."

Nilimwaga maji nikaweka mengine, nikamwaga tena. Majirani walikuja kuuliza ninapika nini. Furaha alianza kucheka, halafu kicheko kikageuka kilio, mtoto kwenye ziwa akiendelea kunyonya kama mwenye njaa ya siku nyingi. "Nilimunyima bure," alisema. "Mama, nilimunyima bure kabisa." Nilifuta bule.

Siku iliyofuata, lilipokauka, nikalipiga msasa mpaka likawa halina tena ule mng'aro wa sahani. Nikamkabidhi, nikamwambia mambo mawili. Kitambaa chake kiwe chake, akifue. Na mkono asiukaze tena hata kidogo, auachie kama alivyokuwa anauachia zamani, maana bule litafanya kazi yake lenyewe.

Siku ya kuchagua watu wa Kigali nilikwenda mapema. Patron alikuwa amekaa mbele na miwani yake, mtu mnene wa maneno machache. Jonas alikuwa amesimama na shemeji yake, kijana aliyeanza kucheza juzi tu, na sasa nikaelewa nafasi ya Furaha ilikuwa inaandaliwa nani. Nikamwendea.

"Jonas, ulikula ndagala zangu ukiangalia mafuta inatoka mu bule yako. Juu ya nini ulimuambia huyu dada ni mukono?"

Akatazama pembeni aone kama patron amesikia. "Mama, hizi ni mambo ya ekipe. Weye uko fundi tu."

"Minye niko fundi. Weye uko nani, munganga?"

Akaondoka akajifanya anafunga kamba za viatu.

Furaha akaitwa. Kifundo chake kilikuwa bado kimefungwa. Akalirusha mara ya kwanza. Woga ulimrudia, akakaza mkono, na bule ambalo sasa lilikuwa na uhai wake lilipinda mapema mno, likavuka piste likadondokea kwenye mfereji wa upande wa pili. Halikugusa hata kigingi kimoja. Jonas akamnong'oneza shemeji yake, wakatabasamu. Mimi sikuweza kukaa kimya.

"Furaha! Legeza!"

Patron akageuka kunitazama. Sikujali. Furaha akalisubiri bule lirudi, akalifuta kwa kitambaa chake cheupe, taratibu, akazungusha bega, akavuta pumzi. Mkono ukatoka umelegea, mwepesi, kama mtu anayempungia rafiki. Bule likateleza mbele, likaenda, likaenda, nikafikiri halitapinda, halafu likapinda. Vigingi vyote kumi vilianguka kwa mlio mmoja. Mara iliyofuata likafanya vilevile. Na nyingine tena.

Patron akasema, "Huyu anaenda."

"Ni bahati tu, patron," Jonas akasema. "Kigali atachoka. Ana mutoto."

Furaha alikuwa anafunga mfuko wake. Akasimama. Sijawahi kumsikia akisema kwa sauti ile. "Mutoto yangu hakuniharibia mukono, Jonas. Ni weye uliniharibia. Ulijua ni bule, ukaniacha nijivunje."

Hakuna aliyecheka safari hii. Nilimtazama patron, nikingoja. Wote tulingoja. Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Tusikuze mambo. Tuko ekipe moja." Ndiyo hayo tu. Jonas akabaki kapiteni, akaenda Kigali kapiteni, akarudi kapiteni. Nikiwaambia hakuna kilichoniudhi katika kazi yangu yote kama ile "tusikuze mambo", mniamini. Tuliyakuza sisi? Kifundo cha mkono kilichovimba tulikivimbisha sisi?

Kigali walishindwa, lakini Furaha aliangusha vigingi kuliko wote, na patron hakuwa na njia ya kumnyima. Akawa moniteri. Ukuta wa jikoni Mulongwe umesimama, tena kwa mawe. Wateja wanampenda kwa sababu hamwambii mtu mkono wake ni mbaya kabla hajaligusa bule lake. Alinilipa kwa namna hiyo.

Mimi nimestaafu. Kazi ya mabule anaifanya mwingine, na anaifanya vizuri akikumbuka kutopasha maji sana. Lakini kifundo cha Furaha hakikurudi kama zamani. Munganga wa hospitali alimwambia mishipa ilivutwa kupita kiasi, angepumzika mapema ingepona. Anafundisha, anaonyesha kwa kurusha polepole, ila kurusha kwa nguvu ya mashindano hawezi tena. Yeye, aliyekuwa na mkono ule.

Juzi nilikwenda kumtembelea Mulongwe. Nilimkuta uani anafua nguo za mtoto wake wa pili. Alikuwa anajaribu kukamua nepi kwa mkono mmoja, ameibana upande mwingine chini ya goti. Nikamwambia asogee. Nikachukua nepi nikakamua, nikachukua nyingine nikakamua, maji yakaruka mpaka kwenye magauni yetu. Furaha akacheka.

"Mama Zaituni, taratibu. Utapasua nguo ya mutoto."

"Unisamehe," nikasema. "Nilifikiri nimeshika shingo ya Jonas."